Maswali ya Mezani: Bia Iliyotibuka kwa Makusudi

Barua nne kati ya zile zilizonifikia mwezi huu zinahusu kinywaji kimoja, ingawa walioziandika wanaishi mbali mbali na huenda hawatakutana kamwe. Nimeziweka pamoja ili jibu la mmoja limsaidie na mwingine.

Ndugu mwandishi wa safu, salamu nyingi. Mimi ni Mrundi ninayeishi Winooski, katika jimbo la Vermont, Marekani. Mfanyakazi mwenzangu alinizawadia makopo manne ya bia ya kiwanda kidogo cha huku, ya aina wanayoiita IPA maradufu. Nilipoimimina ilitoka kama juisi ya machungwa, na hata kidole changu nyuma ya bilauri sikukiona. Nikaamini imeharibika, nikaimwaga. Mwenzangu alipopata habari alicheka mpaka akakaa chini. Nimebakiwa na makopo matatu. Je, ndivyo ilivyo bia hii, na mtu huionjaje mpaka akaujua uzuri wake? (Msomaji, Winooski)

Ndugu msomaji, pole kwa kopo la kwanza. Bia ile haikuwa na kasoro; ilitibuka kwa sababu walioitengeneza walitaka itibuke. Nalichagua neno hilo badala ya kusema kwamba ina ukungu, kwani ukungu wa mlimani asubuhi unapendeza lakini ukungu wa mkate haupendezi, nami sitaki mtu awaze mkate anapoinua bilauri.

Macho yetu yamezoezwa na bia za viwanda vikubwa, ambazo huchujwa mpaka zikang'aa, kuamini kwamba bia njema ni ile inayopitisha mwanga. Mazoea hayo si ya siku nyingi. Wazee wa kwenu waliokunywa impeke ya mtama kwa mirija kutoka chungu kimoja, au urwarwa wa ndizi, hawakutarajia kuona kitako cha chombo, na huko Kilimanjaro mbege ya ndizi na ulezi hadi leo huwa nzito karibu na uji mwepesi. Tena mbege inatufaa kwa sababu ya pili. Wachaga huitia gome la msesewa ili uchungu wake uukate utamu wa ndizi, na kazi hiyo hiyo ndiyo ambayo bia za Ulaya zimeifanyiwa kwa karne nyingi na hopsi, yaani maua ya kijani ya mmea unaopanda kwenye kamba kama mkunde. Tofauti ni kwamba hopsi, pamoja na uchungu, ina mafuta yenye harufu, na bia uliyopewa imetengenezwa ili harufu hiyo itangulie na uchungu ukae nyuma.

Bia ya namna hii ni ya hapo hapo unapoishi. Waterbury, mwendo wa kama nusu saa kwa gari kutoka kwako, ndiko John Kimmich na mkewe Jen walikofungua mwaka 2003 baa iliyokuwa ikipika bia yake yenyewe, The Alchemist. Kimmich alikuwa amejifunza kazi kwa Greg Noonan wa Vermont Pub & Brewery mjini Burlington, na hamira aliyoitumia ilitoka kwa mwalimu wake huyo. Bia yake ya Heady Topper, yenye kilevi cha asilimia 8, ndiyo inayohesabiwa na wengi kuwa mama wa bia zote zilizotibuka za Marekani. Tarehe 28 Agosti 2011 mafuriko ya dhoruba Irene yaliiharibu baa hiyo, lakini mtambo mdogo wa kujaza makopo, uliokuwa umesimikwa mahali pengine mjini humo, ulianza kazi siku chache baadaye, na watu wakawa wanasafiri kutoka majimbo mengine kulifuata kopo hilo. Mwaka 2018 Brewers Association, chama cha watengenezaji wa bia wa viwanda vidogo nchini humo, kiliiingiza aina hii katika orodha ya mitindo ya bia inayoitambua. Kwa hiyo, ndugu yangu, ulimwaga mtoni maji ya kwao.

Katika IPA ya kawaida, yaani bia ya rangi hafifu inayojulikana kwa wingi wa hopsi (India Pale Ale), sehemu kubwa ya hopsi huchemshwa kwa muda mrefu pamoja na maji ya kimea, na moto huo ndio unaozigeuza asidi zake kuwa uchungu ule unaokaza ulimi. Katika bia iliyotibuka mambo hupinduliwa: hopsi nyingi hutiwa moto ukiwa umeshazimwa, na nyingine nyingi zaidi hutiwa katika bia iliyopoa, hamira ikiwa bado inafanya kazi au ikiwa imekwisha kazi yake. Uchungu hautoki sana, ila mafuta ambayo yangetoroka na mvuke yanabaki, na baadhi yake hubadilishwa na hamira kuwa harufu nyingine za matunda. Oti na ngano, ambazo huongezwa kwenye kimea cha shayiri, huleta protini zinazoshikana na polifenoli za hopsi, yaani viambato vyake vyenye ukakasi, na chembe zinazopatikana ni ndogo mno kiasi cha kuelea muda mrefu bila kuzama. Huko ndiko kutibuka kunakotokea. Ama neno maradufu, halina maana kwamba kilevi kimezidishwa mara mbili kwa hesabu. Lina maana ya kimea kingi zaidi na hopsi nyingi zaidi, na matokeo yake ni kilevi cha kati ya asilimia 7.5 na 10 hivi. Namna hiyo ya kuzidisha huhusishwa na Vinnie Cilurzo, aliyeipika mwaka 1994 katika kiwanda cha Blind Pig, mjini Temecula, California.

Sasa tuje kwenye makopo matatu. Kwanza ligeuze kopo usome tarehe ya kujazwa, ambayo mara nyingi hupigwa chapa kwenye kitako. Likiwa na chini ya wiki sita una bahati. Likiwa limepita miezi mitatu, punguza matumaini. Usilitikise, wala usilipindue kama watu wanavyopindua chupa ya juisi ili machicha yachanganyike, kwa maana masalia ya hopsi yaliyotulia chini huwasha koo kwa namna isiyopendeza kabisa. Mimi huacha kiasi cha kijiko kimoja au viwili kopo linapokaribia kuisha.

Kopo likitoka kwenye friji huwa baridi mno, na baridi kali huifunga harufu. Liweke mezani dakika 10 mpaka 15 ili bia ifike kati ya nyuzi 8 na 10 za Selsiasi. Chagua bilauri yenye tumbo pana na mdomo uliobana kidogo, iliyosuuzwa vizuri, na ujaze nusu tu ili harufu ipate nafasi ya kukusanyika juu. Mapovu yakiganda kwenye kuta za bilauri, ujue ina mafuta au sabuni, ioshe tena. Najua kwamba makopo ya Heady Topper yenyewe yana maandishi yanayomwagiza mnywaji anywe moja kwa moja kutoka kwenye kopo, na Kimmich ameutetea msimamo huo kwa miaka mingi. Namheshimu, lakini simfuati. Anayekunywa kwa kopo huziba kwa mdomo wake tundu ambalo harufu ingetokea, ilhali katika bia hii harufu ndiyo iliyogharimu fedha.

Nusa kabla ya kuonja, kwa pumzi fupi fupi, kisha pumzika. Pua huchoka upesi. Ikichoka, nusa mkono wa shati lako kisha urudi. Usihangaike kutafuta maneno ya wataalamu, wala usione haya kutumia matunda ya kwenu, kwa kuwa harufu za hopsi za kisasa ni za matunda ya kwetu kuliko za Vermont. Citra, hopsi maarufu inayolimwa kwa wingi katika bonde la Yakima, jimbo la Washington, hunukia embe, balungi na ganda la ndimu. Mosaic huongeza pera na, wakati mwingine, harufu ya kitunguu ambayo wengine huipenda na mimi siipendi. Galaxy ya Australia ni pasheni iliyoiva mpaka ikakunjamana. Nelson Sauvin ya New Zealand hukumbusha zabibu za kijani zilizopondwa. Chini ya matunda hayo, ukitulia, huenda ukapata utomvu wa msonobari au nyasi zilizokatwa muda si mrefu. Aliyekulia pwani atalitambua danzi mara moja, maana lina utamu, ukali na uchungu wa ganda kwa pamoja, na hakuna tunda linaloifanana bia hii zaidi.

Kisha piga funda moja dogo, ulizungushe mdomoni, ulimeze na utoe pumzi kwa puani mdomo ukiwa umefungwa, kwani hapo ndipo harufu inaporudi kwa mlango wa nyuma. Angalia uzito wake: bia njema ya aina hii ni laini kama maziwa ya mtindi yaliyopigwa vizuri, haina ukakasi. Uchungu uje mwishoni, ukae kidogo, uondoke. Kilevi ukisikie kama joto kifuani, wala kisichome kama gongo. Ukisikia ladha ya bisi zilizotiwa siagi, hilo ni kosa: vimeng'enya vya hopsi vimeamsha uchachukaji upya, na bia imefungwa kwenye kopo kabla hamira haijamaliza kusafisha. Uzuri wa bia hii wote uko katika usawa wa mambo hayo, na wala hauhitaji kuusoma kokote. Ukimaliza kopo moja kwa namna hii, jipatie la pili siku nyingine ukila, kwa sababu inabadilika sana ikikutana na chakula.

Mwandishi, hujambo? Mimi ni mama wa watoto wanne, kwetu Mombasa, sasa naishi Worcester, Massachusetts. Kijana wangu wa pili anahitimu chuo, na siku hiyo nitapika samaki wa kupaka, pilau ya nyama ya ng'ombe, mishkaki yenye pilipili, kachumbari na viazi karai. Yeye na wenzake wamesema wataleta bia hizi nzito za huku zinazofanana na juisi. Mimi sinywi, ila sitaki chakula changu kiharibiwe. Kipi kitapatana nazo na kipi hakitapatana? (Mama, Worcester)

Sijambo, Mama, na hongera kwa kijana. Tumbo langu limeshaanza safari ya Worcester.

Samaki wa kupaka ndiye mfalme wa meza yako siku hiyo, nami sina shaka naye hata kidogo. Tui zito la nazi lina mafuta, na mafuta huutuliza uchungu wa hopsi. Ukwaju au ndimu uliyotia kwenye tui hukutana na ukali wa matunda ulio katika bia. Na moshi wa mkaa kwenye ngozi ya samaki huipa bia kitu cha kupingana nacho, la sivyo ingekuwa tamu tupu. Mapovu nayo huosha utando wa tui ulioachwa ulimini, hivyo kila tonge huwa kama la kwanza. Waambie vijana waanze na sahani hiyo wakati ndimi zao bado hazijachoka. Ukimkosa changu au tewa, samaki yeyote wa huko mwenye mnofu mweupe mnene atafaa, na kamba wakubwa waliopakwa tui watafaa zaidi.

Viazi karai navyo vitafurahisha. Chumvi hupunguza uchungu wa kinywaji, jambo ambalo mtu aweza kulijaribu mwenyewe kwa kulamba chembe moja kabla ya kunywa, na unga wa dengu uliokaangwa ukakauka hupendeza pamoja na kinywaji chenye gesi. Chatini ya nazi iandamane navyo, ila ukwaju uliotiwa sukari nyingi uuweke kando, maana sukari ikitangulia ulimini bia huonekana chungu na nyepesi kuliko ilivyo.

Mishkaki ndiyo inayonitia wasiwasi. Wengi husema kwamba bia baridi huzima pilipili, na kwa bia nyepesi kuna ukweli kidogo unaotokana na ubaridi wenyewe. Kwa bia ya asilimia 8 mambo ni kinyume. Kilevi huvifanya vipokezi vile vile vya mdomoni vinavyoamshwa na pilipili viwe vyepesi zaidi kuchokozeka, gesi huuchoma ulimi uliokwisha chomeka, na uchungu wa hopsi hudumu juu ya moto huo kama mgeni asiyeaga. Punguza pilipili kwenye mishkaki na uongeze tangawizi, kitunguu saumu na papai bichi la kulainishia nyama, kisha pilipili ya kusaga iwekwe bakulini kwa wanaojiamini. Wakilia, hawatakulaumu wewe.

Kuhusu pilau nitasema jambo ambalo kijana wako huenda asilipende: haipatani na bia hii. Mdalasini, karafuu, iliki na bizari nzima ni baraza lililokamilika, na hopsi zenye harufu kali zikiingia humo kila mmoja anapiga kelele na hakuna anayesikilizwa. Si kwamba mlo utaharibika. Ni kwamba pilau yako itapoteza na bia nayo itapoteza. Anayetaka bia na pilau atafute ya rangi ya kahawia, yenye kimea kilichokaangwa na hopsi chache, kwa maana ladha yake ya mkate ulioungua pembeni inaelewana na vitunguu ulivyovikaanga mpaka vikawa vyekundu. Kachumbari ya vitunguu vibichi huitoa nje ile harufu ya kitunguu niliyoitaja kwa ndugu wa Winooski, kwa hiyo osha vitunguu kwa maji ya chumvi kwanza, au utengeneze ya embe bichi badala yake, ambayo inakubaliana na bia hii kana kwamba zilitoka bustani moja.

Kabla ya vitamu, weka sinia la jibini. Jimbo la jirani yako, Vermont, linajulikana kwa jibini ya cheddar, na ile iliyokaa muda mrefu mpaka ikawa na ukali na vipunje vya chumvichumvi hupatana na bia hii kwa sababu zile zile za mafuta na chumvi. Kwa vitamu, Wamarekani hupenda kuoanisha IPA na keki ya karoti iliyopakwa krimu ya jibini, na kusema kweli nilidhani ni mzaha mpaka nilipoijaribu. Embe lililoiva peke yake, ambalo ungedhani litapatana kwa sababu ya harufu, halipatani; utamu wake huivua bia nguo.

Kwa wewe usiyekunywa, na kwa wageni ambao dini au afya haiwaruhusu, siku hizi huko Marekani yanauzwa maji yenye gesi yaliyotiwa hopsi bila kilevi chochote. Yana harufu ile ile ya balungi na yanafaa sana kwa samaki wa kupaka. Soma tu maandishi ya kopo kwa makini, maana makopo yanafanana, na mtu asije akachukua la jirani.

Ndugu mwandishi, shemeji yangu alitoka Boston akaniletea makopo mawili ya bia hiyo ndani ya sanduku la nguo. Niliyahifadhi kabatini kwa miezi saba nikisubiri sikukuu. Nilipofungua nilikuta rangi ya kijivu inayoelekea zambarau, kama maji ya kuoshea maharage, na ladha ya karatasi iliyolowa. Je, hiyo ndiyo bia inayosifiwa? Na lile kopo la pili naweza kuliokoa? (Msomaji, Dar es Salaam)

Ndugu, ulichokunywa ni masalia yake. Hewa kidogo tu inayobaki ndani ya kopo huanza kuzishambulia polifenoli na mafuta ya hopsi siku ile ile ya kujaza, na joto la Dar es Salaam linaiharakisha kazi hiyo maradufu na zaidi. Rangi huacha kuwa ya dhahabu ikawa ya kijivu, harufu ya matunda hufa, kisha huja karatasi na asali iliyochacha. Divai nyingine huongezeka thamani kwa kukaa. Hii hupungua kila wiki. Shemeji akija tena, bia iingie kwenye friji kabla yeye hajavua viatu, na sikukuu iwe siku hiyo hiyo. Chupa ni mbaya kuliko kopo, kwani mwanga wa jua huivunja asidi chungu ya hopsi na kutoa harufu ya kicheche.

Kopo la pili haliwezi kuokolewa kwa kunywa. Litie kwenye unga wa ngano wenye chumvi, uchovye vipande vya samaki na ukaange, kwa kuwa gesi italifanya ganda liwe jepesi. Usiipike kama mchuzi. Maji yakipungua uchungu haupungui nayo, nawe utaishia kutupa na nyama.

Ndugu mwandishi, kaka yangu anajisifu kwamba anamaliza chupa sita za Tusker na kurudi nyumbani akiimba. Juzi, akiwa ugenini Marekani, alikunywa makopo manne ya bia mnayoiita maradufu na hakuweza kuupata mlango wa chumba chake. Anasema ilitiwa kitu. Je, yawezekana? (Msomaji, Nairobi)

Ilitiwa oti na ngano, ndugu yangu, na vitu hivyo viwili ndivyo vilivyomponza, kwa sababu ulaini wake hukificha kilevi nyuma ya harufu ya matunda. Chupa ya Tusker ya mililita 500, yenye asilimia 4.2, ina mililita 21 za kilevi halisi. Kopo la kawaida la bia hizi huko Marekani ni la mililita 473, na likiwa na asilimia 8 lina karibu mililita 38. Makopo yake manne yalikuwa sawa na chupa saba za Tusker na kidogo juu, tena bila shaka aliyanywa kwa mwendo wa juisi. Wanaoijua bia hii hufungua kopo moja na kuligawa katika bilauri mbili.